Shimo Lisilochimbwa: Mvutano, Shimo Jeusi na Asili ya Ulimwengu katika Maelezo ya Kiswahili

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa Kiswahili mambo matatu ya elimu ya anga: jinsi mvutano unavyofanya kazi, shimo jeusi ni kitu gani, na wataalamu wanafahamu nini juu ya asili ya ulimwengu. Msomaji huenda akauliza kwa nini mwalimu wa lugha, asiye mwanafizikia, ajitwike mzigo huo katika jarida la lugha. Sababu ni swali nililoulizwa, nami nikashindwa kulijibu.

Siku moja ya mwezi wa Julai, katika maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani, nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya sekondari karibu na Ogembo, nyumbani kwetu katika nchi ya Kisii. Nilikusudia kuwaonyesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba sayansi yoyote. Kwa kuwa nilitaka mfano mzito, nilitaja shimo jeusi: mahali angani ambapo mvutano ni mkubwa hata nuru haiwezi kutoka. Nilipomaliza, mvulana wa Kidato cha Pili aliinua mkono akasema, "Mwalimu, shimo hilo lilichimbwa na nani?" Wenzake walicheka. Mimi pia nilicheka, nikasema kwamba hilo ni jina tu, kisha nikaingia katika jambo jingine.

Jioni ile, nilipokuwa nikiteremka kuelekea mto Gucha, nilitambua kwamba nilikuwa nimemkosea. Kijana yule hakuuliza upuuzi. Alikitumia Kiswahili kama kinavyotumiwa. Katika lugha yetu shimo huchimbwa, na aliyelichimba hutafutwa. Hata methali yatuambia kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Neno nililompa ndilo lililomwongoza kwenye swali lile. Kama kulikuwa na kosa, lilikuwa langu mimi niliyelitumia neno bila kueleza ni wapi linafaa na ni wapi linakoma kufaa.

Hoja ya makala haya, basi, ni kwamba istilahi ni sehemu ya maelezo yenyewe. Kila neno tunalolichukua kutoka matumizi ya kila siku huja na vitenzi vyake, methali zake na maswali yake. Mengine kati ya hayo hulisaidia somo, na mengine hulipotosha. Hatuwezi kuyapambanua bila kukielewa kwanza kitu chenyewe. Kwa hiyo tutaanza na kitu, kisha tulipime neno.

2. Mvutano na kauli ya kutendana

Mnamo mwaka 1687 Isaac Newton alichapisha kanuni inayosema kwamba kila kitu chenye maada hukivuta kila kitu kingine. Nguvu ya kuvutana huko hutegemea mambo mawili. La kwanza ni wingi wa maada iliyomo katika vitu hivyo: maada ikizidi, nguvu huzidi. La pili ni umbali baina yao: umbali ukiwa mara mbili, nguvu hupungua hadi robo, ukiwa mara tatu, hupungua hadi sehemu moja ya tisa. Kwa kanuni hiyo moja Newton aliweza kueleza kwa nini tunda huanguka na kwa nini mwezi huizunguka dunia. Kabla yake watu wengi walidhani kwamba mbinguni kuna sheria zake na duniani zake.

Maneno kadhaa hutumika kwa dhana hii katika Kiswahili. Wengine husema graviti, wengine mvuto, wengine mvutano. Mimi napendelea la mwisho, na sababu yangu ni ya kisarufi. Mvuto ni wa upande mmoja: mtu ana mvuto, naye huwavuta wengine. Mvutano hutokana na vutana, yaani kitenzi vuta kilichotiwa kiambishi -an- cha kauli ya kutendana. Katika mchezo wa kuvuta kamba, pande zote mbili huvuta na zote huvutwa. Hivyo ndivyo alivyofundisha Newton. Mkungu wa ndizi unapokatwa katika shamba la Ogembo ukaanguka, dunia huuvuta mkungu, na mkungu nao huivuta dunia kwa nguvu iliyo sawasawa. Tofauti ni kwamba mkungu una kilo 20 hivi, ilhali dunia ina kilo 6 zinazofuatwa na sifuri 24. Nguvu ni moja, lakini kilicho chepesi huenda mbio na kilicho kizito mno hakionekani kusogea. Mwanafunzi anayeijua kauli ya kutendana anayo tayari nusu ya somo. Anayepewa neno graviti hana budi kuanza mwanzo.

3. Uzito na tungamo

Hapa yatupasa kutenga dhana mbili ambazo lugha ya sokoni huzichanganya. Wingi wa maada iliyomo katika kitu ndio tungamo lake. Nguvu ambayo dunia hukivuta kitu hicho ndiyo uzito wake. Ukipeleka gunia la mahindi mwezini, tungamo lake halibadiliki hata punje, lakini uzito wake hupungua hadi sehemu moja ya sita.

Mfano ulio karibu nasi ni mizani. Katika vituo vya kununulia majani ya chai vya nyanda zetu za juu, kapu hutundikwa kwenye ndoano ya mizani yenye springi. Springi hunyooshwa na nguvu inayovuta kapu kuelekea chini. Mizani hiyo hupima uzito, hata kama uso wake umeandikwa kilo. Mizani ya dukani yenye sahani mbili na mawe ya kupimia hulinganisha kitu na jiwe, na vyote viwili huvutwa pamoja. Ukiipeleka mwezini, ile ya kutundika itamwibia mkulima sehemu tano kati ya sita za chai yake. Ile ya sahani mbili haitamwibia kitu. Tofauti baina ya uzito na tungamo imo katika tofauti ya mizani hizo mbili.

Tofauti hii ni ya lazima katika yanayofuata, kwa sababu shimo jeusi huelezwa vibaya na kila asemaye kwamba ni kitu kizito sana. La ajabu katika shimo jeusi ni udogo wa mahali ambamo tungamo limekusanyika. Wingi wa tungamo peke yake si ajabu. Nyota nyingi za kawaida zina tungamo kubwa kuliko baadhi ya mashimo meusi.

4. Kuanguka bila kufika chini

Mtu arushapo jiwe kutoka kilimani, jiwe huenda mbele huku likianguka. Akilirusha kwa nguvu zaidi, litaangukia mbali zaidi. Tukiwazia kwamba hakuna hewa ya kulizuia, na kwamba amelirusha kwa mwendo wa kilomita 8 hivi kwa sekunde, basi kadiri jiwe linavyoanguka ndivyo ardhi, kwa kuwa dunia ni mviringo, inavyopinda na kulikimbia. Jiwe litaanguka daima bila kufika chini. Setilaiti ni jiwe la namna hiyo. Husemwa mara nyingi kwamba huko juu hakuna mvutano. Si kweli. Katika kimo cha kilomita 500 mvutano wa dunia bado ni zaidi ya asilimia 80 ya ule tulio nao hapa chini. Wasafiri wa angani huelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja.

Jambo hili lina historia yake katika pwani yetu. Katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia wakiongozwa na Luigi Broglio walisimamisha baharini jukwaa la kurushia roketi lililoitwa San Marco. Setilaiti ya kwanza kurushwa hapo iliruka tarehe 26 Aprili 1967, na ya mwisho mwaka 1988. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu ya mvutano na mzunguko. Dunia inapojizungusha, mtu aliye karibu na ikweta huchukuliwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa zaidi ya mita 460 kwa sekunde bila kutumia mafuta yoyote. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka hapo hupewa mwendo huo bure. Tena mashariki ya Malindi kuna bahari tupu, hivyo kinachoanguka hakimwangukii mtu.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa hilo setilaiti ya Marekani yenye kilo 140 hivi. Kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyowapokea, wenyewe waliipa jina la Uhuru.

5. Kilichoonekana na Uhuru

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, jioni moja nilihudhuria mhadhara wa hadhara juu ya nyota. Mhadhiri alilitaja jina Uhuru mara nyingi, akilitamka kwa ulimi wa kwao, kisha akauliza kama kuna yeyote ajuaye maana yake. Nilikuwa peke yangu. Nilieleza maana ya neno, nikapigiwa makofi, lakini sikuwa na habari ya kile ambacho chombo hicho kilifanya. Jina lilikuwa letu, na elimu iliyolifuata hatukuwa nayo katika lugha ya jina hilo. Tangu hapo nimejaribu kulipa deni hilo.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani. Hewa ya dunia huizuia mionzi hiyo, kwa hiyo haiwezi kuonekana kutoka ardhini. Kabla yake roketi ndogo ziliweza kuchungulia kwa dakika chache tu. Kundi la wataalamu lililoongozwa na Riccardo Giacconi, ambaye alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002, liliitumia Uhuru kwa zaidi ya miaka miwili kuipekua mbingu nzima, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339.

Kimoja cha vyanzo hivyo huitwa Cygnus X-1. Kilikuwa kimegunduliwa kwa roketi mwaka 1964, lakini mwaka 1971 Uhuru ilionyesha kwamba eksirei zake hupanda na kushuka kwa muda mfupi kuliko sekunde moja. Habari hiyo ina uzito mkubwa. Hakuna kitu kinachoweza kubadilika kizima kwa muda mfupi kuliko ule ambao nuru huhitaji kukivuka. Nuru huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, nayo huhitaji zaidi ya sekunde nne kuvuka upana wa jua letu. Kitu kinachobadilika katika sehemu ya kumi ya sekunde hakiwezi kuzidi kilomita 30,000 kwa upana. Cygnus X-1 basi ilikuwa ndogo mno kuliko nyota ya kawaida.

Muda mfupi baadaye Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Thomas Bolton nchini Kanada, walipima nyota kubwa ya buluu iliyo mahali pale pale. Waliona kwamba nyota hiyo huyumba huku na huku kila siku 5.6, kana kwamba inazungushwa na mwenzi asiyeonekana. Kwa kanuni ile ya Newton waliweza kukadiria tungamo la mwenzi huyo, wakaona ni kubwa kuliko kile ambacho nyota iliyokufa inaweza kuhimili bila kuporomoka. Kitu kidogo, chenye tungamo kubwa, kisichotoa nuru yake: hiki ndicho kilichokuwa chombo cha kwanza cha angani kukubaliwa na wengi kuwa shimo jeusi. Stephen Hawking alikuwa amewekeana dau na Kip Thorne mwaka 1974 kwamba si shimo jeusi. Mwaka 1990 alikiri kwamba ameshindwa. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vyasema kwamba lina tungamo la majua 21 hivi, nalo liko umbali wa miaka ya nuru 7,200.

Eksirei zenyewe hazitoki ndani ya shimo. Gesi ya nyota ile ya buluu huvutwa kuelekea kwa mwenzi wake, huzunguka kwa kasi na kusuguana, na hupata joto la mamilioni ya digrii. Gesi hiyo ndiyo ing'aayo kabla haijazama.

6. Shimo jeusi na vitenzi vyake

Turudi kwa mrusha jiwe. Akitaka jiwe lisirudi kabisa, hana budi kulirusha kwa mwendo wa kilomita 11.2 kwa sekunde. Kutoka kwenye uso wa jua ingehitajika kilomita 618 kwa sekunde. Mwendo huo hutegemea tungamo na pia ukaribu na kitovu. Tukiweza kulibana jua lote likawa tufe ambalo kutoka kitovu hadi ukingoni ni kilomita 3, mwendo unaohitajika utafikia ule wa nuru. Kwa dunia ingetubidi kuibana hadi milimita 9, yaani igeuke kitu kilicho kama gololi ya watoto. Wazo la nyota ambayo nuru yake haitoki liliandikwa na John Michell mwaka 1783, na mwaka 1916 Karl Schwarzschild alipata hesabu yake kamili kutokana na nadharia ya Einstein.

Jua halitabanwa hivyo, wala dunia. Lakini nyota kubwa sana huishi kwa kushindana na mvutano wake yenyewe: moto wa ndani husukuma nje, mvutano husukuma ndani. Kuni zikiisha, mvutano hushinda na kiini cha nyota hujiporomokea. Hapo ndipo lilipo jibu la mvulana wa Ogembo. Shimo hili halikuchimbwa na yeyote, wala hakuna kilichotolewa ndani yake.

Sasa tulipime neno. Jina la shimo jeusi ni tafsiri ya neno kwa neno ya jina la Kiingereza lililoenezwa na John Wheeler kuanzia mwaka 1967. Shimo hufaa kwa jambo moja: kitu hutumbukia humo. Lakini lapotosha kwa matatu. Kwanza, shimo ni mahali palipoondolewa kitu, na hapa kitu kimejaa kupita kiasi. Pili, shimo lina mdomo upande mmoja, na hili ni mviringo, laweza kuingiwa kutoka kila upande. Tatu, shimo huvuta vitenzi visivyofaa. Nimesoma na kusikia kwamba shimo jeusi humeza, hufyonza, hunyonya. Tungelibadilisha jua leo kwa shimo jeusi lenye tungamo lile lile, dunia isingefyonzwa. Ingekuwa na giza na baridi, lakini ingeendelea kuzunguka katika njia yake ya kilomita milioni 150 kama kawaida, kwa sababu tungamo ni lile na umbali ni ule.

Je, tulitupe neno? La. Wengine wamependekeza tundu jeusi, lakini tundu huwa limetoboka upande wa pili, na hivyo laongeza kosa. Shimo jeusi limekwisha kuenea, na kulifukuza ni kazi bure. Linalowezekana ni kulifundisha pamoja na mipaka yake, na kuchagua vitenzi kwa uangalifu: vitu huangukia na huzama, shimo halinyonyi.

Neno jingine linalohitajika ni la mpaka ambao kitu kikiuvuka hakirudi. Naona tuna neno zuri, nalo ni upeo. Mvuvi wa Malindi anapoelekea baharini, aliye ufukoni humwona akififia kwenye upeo wa macho. Mvuvi mwenyewe hagongi ukuta wala haoni mstari. Ndivyo ilivyo nadharia ya shimo jeusi: aliye mbali haoni lolote linalotoka ng'ambo ya upeo, ilhali anayeuvuka hakuti alama yoyote hapo. Pamoja na hayo, mvuvi hurejea na samaki. Huyu harejei.

7. Einstein na kiambishi -po-

Nimesifu neno mvutano, na sasa sina budi kutaja upungufu wake. Mwaka 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba mvutano si kamba isiyoonekana. Maada hupinda mahali na wakati, na vitu hufuata njia iliyonyooka kadiri iwezekanavyo katika mahali palipopindika. Maji ya Gucha hayavutwi na Ziwa Viktoria. Hufuata mteremko yanaoukuta palepale yalipo. Mfano huu una kasoro, kwa kuwa mteremko wa mto nao hutokana na mvutano, lakini waonyesha kwamba kitu huongozwa na umbo la mahali kilipo. Kwa vitu vya kawaida hesabu za Newton na za Einstein hukaribiana sana. Karibu na shimo jeusi za Newton hazitoshi.

Lililo gumu kwa wanafunzi ni kwamba wakati pia hupindwa. Saa iliyo karibu na tungamo kubwa huenda polepole kuliko iliyo mbali. Vilima vya Kisii viko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Saa iliyo huku huitangulia saa ya ufukoni Malindi kwa takriban sehemu tano za milioni ya sekunde kila mwaka. Ni kidogo, lakini setilaiti zinazoongoza simu zetu kujua zilipo hurekebishwa kila siku kwa sababu ya tofauti za namna hii. Karibu na upeo wa shimo jeusi tofauti huwa kubwa hata aliye mbali huona kana kwamba saa ya anayeanguka imekaribia kusimama.

Katika kuliunganisha jambo la mahali na la wakati, sarufi yetu yatupa mlango. Kiambishi rejeshi -po- ni cha mahali, nacho ni cha wakati vilevile. Aliposimama yaweza kuwa pale ambapo alisimama au wakati aliosimama. Hapo ni mahali, na hapo zamani ni wakati. Nisieleweke vibaya. Sidai kwamba wahenga walijua nadharia ya Einstein, wala kwamba lugha iliigundua kabla yake. Nasema tu kwamba mwalimu wa Kiswahili anayetaka kueleza kuwa tukio lina -po- moja yenye mahali na wakati ndani yake, hatamshangaza mwanafunzi kama anavyodhani.

8. Asili ya ulimwengu

Mwaka 1927 Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji na mwanahisabati, alitumia nadharia ya Einstein kuonyesha kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka 1929 Edwin Hubble alitangaza vipimo vilivyoonyesha kwamba kadiri galaksi zilivyo mbali nasi, ndivyo zinavyozidi kutuacha kwa kasi. Kinachotanuka ni anga lenyewe lililo baina yao. Mpishi wa mahamri anajua: unga uliotiwa hamira ukiumuka, kila punje ya iliki huachana na nyingine zote, wala hakuna punje iliyo kitovu cha kuachana huko.

Tukiurudisha mwendo huo nyuma, twafika wakati ambapo yote tuyaonayo yalikuwa yamesongamana katika hali ya joto lisilosemeka. Makadirio ya sasa ni miaka bilioni 13.8 iliyopita. Baada ya miaka kama 380,000 joto lilipungua kiasi cha nuru kuweza kusafiri bila kuzuiwa. Nuru hiyo ingali ipo. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson waliikuta katika antena yao nchini Marekani kama mvumo usiokoma kutoka kila upande wa mbingu. Kwa kutanuka kwa anga imepoa hadi digrii 270 hivi chini ya sifuri.

Hapa pia jina limeponza maelezo. Mwanzo huo huitwa mlipuko mkuu, nalo ni jina lililotokana na maneno ya Fred Hoyle redioni nchini Uingereza mwaka 1949, na Hoyle mwenyewe alikuwa akiipinga nadharia hiyo. Mlipuko hutokea mahali fulani, nao hurusha vipande kwenda mahali patupu. Huu haukuwa na mahali pake. Mahali pote ndimo palimokuwa. Kosa hili, basi, si la Kiswahili pekee. Hata wenye lugha iliyobuni jina huuliza ulilipukia wapi, kama alivyouliza kijana wetu ni nani aliyechimba. Kutanuka kwa ulimwengu ni maneno marefu zaidi, lakini hayadanganyi.

Mvutano ndio unaounganisha mambo yetu matatu. Maada ya mwanzo haikusambaa sawasawa kabisa. Palipokuwa na wingi kidogo palivutana zaidi, pakakusanya zaidi, na baada ya muda mrefu pakapatikana galaksi, nyota na sayari. Mvutano huo huo ndio uziuao nyota kubwa na kuacha mashimo meusi. Tarehe 14 Septemba 2015 vyombo vya Marekani vilipokea mtikisiko wa anga uliotokana na mashimo mawili meusi yaliyoungana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Mwezi wa Aprili 2019 ilitangazwa picha ya kivuli cha shimo jeusi la galaksi iitwayo M87, lenye tungamo la majua bilioni 6.5, na Mei 2022 ile ya shimo lililo katikati ya galaksi yetu, lenye tungamo la majua milioni 4.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba Kiswahili hakikosi njia ya kueleza mambo haya. Mvutano na upeo yalikuwamo lughani kabla hatujayahitaji kwa kazi hii. Tumeona pia kwamba shimo na mlipuko yana mitego, na kwamba mitego hiyo haionekani kwa kutazama kamusi bali kwa kukielewa kitu.

Kazi ya istilahi ina historia ya heshima katika Afrika Mashariki. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Mwezi wa Aprili 2023 Kenya ilipeleka angani setilaiti yake iitwayo Taifa-1, na kwa mara nyingine jina ni la Kiswahili. Lakini katika shule za sekondari za Kenya fizikia hufundishwa kwa Kiingereza, na ndivyo ilivyo Tanzania pia. Tusipokuwa macho, tutaendelea kutoa majina bila maelezo.

Pendekezo langu ni dogo. Kabla ya istilahi kuingizwa katika orodha, isomwe kwa sauti mbele ya wanafunzi wasioijua lugha iliyotafsiriwa, kisha maswali yao yaandikwe. Swali kama lile la Ogembo litatuonyesha, kwa dakika moja, neno linaelekea wapi. Mimi nimelipata jibu lake nikiwa nimechelewa. Nimekwisha kuomba nafasi ya kurudi katika shule ile, na safari hii nitaanza na kijana yule.